Orodha ya pochi za dhahabu: nani hasa alipata faida kwenye tokeni?

Mwezi uliopita binamu yangu aliyeko Mwanza alinitumia kwenye WhatsApp orodha ya anwani kumi za pochi za sarafu za kidijitali, ndefu na zisizotamkika, kila moja ikianza na 0x. Alizinunua kwa shilingi 30,000 kutoka kundi moja la Telegram. Juu ya orodha palikuwa na maneno: "Pochi za dhahabu. Wakinunua, nunua. Wakiuza, uza." Pembeni ya kila anwani iliandikwa faida iliyopatikana kwenye memekoini moja (sarafu ya kidijitali iliyozaliwa na utani wa mtandaoni) ya mtandao wa Ethereum: dola 410,000, dola 287,000, ikishuka hivyo hadi dola 19,000 kwa pochi ya kumi. Chini kabisa binamu akaongeza la kwake: "Kaka, hizi namba ni za kweli au nimepigwa?"

Nilimjibu kwa ufupi: namba ni za kweli, na umepigwa. Hakuridhika. Hili ndilo jibu refu.

Namba zinaweza kuwa za kweli kwa sababu daftari liko wazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ethereum, Solana na wenzao, mitandao ya sarafu za kidijitali, ni mali yenye daftari lisilofungwa: mwenye simu na bando anaingia Etherscan, tovuti ya kusoma daftari la Ethereum, anabandika anwani, anaona kilichoingia na kilichotoka tangu pochi ilipozaliwa. Hakuna benki itakayokufungulia vitabu vya mteja mwingine namna hiyo. Kilichofichwa ni jina tu. Kwa hiyo kusaka waliopata faida kwenye tokeni fulani, yaani sarafu iliyoundwa juu ya mtandao kama huo, kunaonekana kama hesabu ya darasa la nne: kwa kila pochi, jumlisha ilichopata ilipouza, toa ilichotumia iliponunua, panga kuanzia mkubwa. Ndivyo zinavyofanya DEX Screener, Birdeye na tovuti nyingine zenye sehemu ya kuonyesha waliovuna zaidi. Hesabu yenyewe haina kosa. Shida ni kwamba daftari halijui maneno hayo mawili, kuuza na kununua.

Mstari mmoja wa daftari

Tuchukue tokeni ambayo historia yake inajulikana: PEPE, ile yenye sura ya chura, iliyozinduliwa kwenye Ethereum katikati ya Aprili 2023. Tokeni trilioni 420.69 ziliundwa kwa mpigo. Asilimia 93.1 ikatiwa kwenye mfuko wa ukwasi (akiba ya kubadilishia tokeni kwa ETH, sarafu ya Ethereum yenyewe) wa Uniswap, soko linaloendeshwa na programu, ambako yeyote angeweza kununua, asilimia 6.9 ikabaki kwenye pochi ya waanzilishi, wakisema ni akiba ya kupeleka kwenye masoko makubwa baadaye. Tarehe 5 Mei Binance, soko kubwa la sarafu za kidijitali, ikaiorodhesha, na siku hizo hizo thamani ya tokeni zote ikavuka dola bilioni 1. Haikutimiza hata mwezi mmoja.

Ukitaka kujua nani alipata nini hapo, jina "PEPE" halikusaidii. Jina halina mwenyewe kwenye blokcheni, lile daftari la wazi. Mtu yeyote anaweza kuunda tokeni nyingine yenye jina hilo hilo na picha hiyo hiyo, na wengi walifanya hivyo. Kinachotambulisha tokeni ni anwani ya mkataba wake, yaani programu inayoiendesha kwenye blokcheni. Ya PEPE inaanza na 0x6982 na kuishia 1933. Ukikosea hapo mwanzo, utafanya hesabu safi kabisa ya tokeni isiyo yenyewe.

Kila tokeni ikihama, mkataba huacha rekodi yenye mambo matatu: imetoka anwani gani, imekwenda anwani gani, kiasi gani. Rekodi hiyo huitwa Transfer, na kwenye daftari ghafi unaitambua kwa alama inayoanza 0xddf252ad, ambayo ni ile ile kwa kila tokeni ya aina ya ERC-20, kiwango cha kawaida cha tokeni za Ethereum. Kiasi kimeandikwa bila nukta. PEPE ina nafasi 18 za desimali, kwa hiyo tokeni moja inaandikwa 1 ikifuatiwa na sifuri 18. Mgeni akisahau kugawanya, anajikuta ameshika pochi tajiri kuliko dunia nzima.

Sasa uangalie vizuri mstari huo. Hauna bei. Unasema kitu kimehama, basi. Ni kama kusimama dirishani ukaona gunia la mahindi likitoka stoo kwa mzee kwenda nyumba ya pili. Limeuzwa? Limetolewa zawadi? Limekopeshwa? Au nyumba ya pili nayo ni ya mzee yule yule?

Bei inapatikana upande wa pili wa muamala. Mtu akinunua Uniswap, ndani ya muamala mmoja ETH inaingia kwenye mfuko na PEPE inatoka, na mfuko wenyewe huacha rekodi yake ya Swap inayosema kilichoingia na kilichotoka. Ukioanisha pande hizo mbili, kisha ukageuza ETH kuwa dola kwa bei ya dakika ile, umepata bei ya kununulia. Wanaotumia Dune, tovuti ya kuchambua data za blokcheni, huandika mistari michache ya SQL, lugha ya kuulizia data, juu ya jedwali la biashara hizi, wakachuja kwa anwani ya mkataba, wakakusanya kwa anwani ya mfanyabiashara, wakapanga. Nusu saa ya kazi kwa anayejua.

Hata hapo kuna kigingi. Anayeonekana kupokea tokeni mara nyingi si mnunuzi mwenyewe bali mkataba wa kati, ule unaotafuta bei nafuu kwenye mifuko kadhaa kisha kukupelekea mzigo. Ukikusanya hesabu kwa anwani hiyo, mshindi wa kwanza kwenye orodha yako atakuwa ni huyo mtu wa kati, ambaye hakuna hata tokeni moja aliyowahi kuimiliki kwa zaidi ya sekunde. Unayemtaka ni aliyeuanzisha muamala na kuutia saini.

Faida ipi?

Tuseme pochi moja, ya kubuni, ilinunua tokeni bilioni 100 kwa dola 500. Bei ilipopanda ikanunua bilioni 100 nyingine kwa dola 1,500. Halafu ikauza bilioni 100 kwa dola 2,000. Imepata kiasi gani?

Ukisema zilizoingia kwanza ndizo zilizotoka kwanza, gharama ni dola 500 na faida ni 1,500. Ukitumia wastani wa bei ya kununulia, gharama ni dola 1,000 na faida ni 1,000. Ukisema kauza zile alizonunua mwisho, faida ni 500. Majibu matatu, daftari moja, na hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana zana mbili zikikuonyesha faida tofauti kwa pochi ile ile, usikimbilie kusema mojawapo ni ya kitapeli. Uliza kwanza inatumia wastani au inafuata foleni. Zana nyingi hazikuambii bila kuulizwa.

Bado kuna zile bilioni 100 zilizobaki ndani ya pochi. Hizo nazo zana huzithamini kwa bei ya sasa na kuzitia kwenye jumla, na hapa ndipo orodha nyingi huvimba. Siku za mwanzo za PEPE ilienea habari ya pochi iliyotumia ETH 0.125, kama dola 250 wakati ule, ikanunua tokeni zipatazo trilioni 5.9 ambazo baada ya siku chache zilisomeka zaidi ya dola milioni 1. Picha ya skrini ilizunguka dunia. Lakini kusomeka milioni si kushika milioni.

Chukua mfuko wenye ETH 100 upande mmoja na tokeni trilioni 10 upande wa pili. Kanuni ya Uniswap ya toleo la pili ni kwamba ukizidisha pande hizo mbili, zao lisipungue. Hapa 100 mara 10 ni 1,000. Skrini inasema kila trilioni ni ETH 10, kwa hiyo mwenye trilioni 5 anajiona ana ETH 50. Akiziuza zote kwa mpigo, upande wa tokeni unakuwa trilioni 15, na ili zao libaki 1,000 upande wa ETH lazima ubaki na 66.7. Yeye anaondoka na 33.3, hata kabla ya kukatwa ada ya asilimia 0.3. Theluthi moja imeyeyuka, na hakuna aliyemwibia. Skrini ilimpa bei ya tokeni moja akaizidisha kwa zote, kama mvuvi anayepigia hesabu shehena nzima kwa bei ya changu wa kwanza kuuzwa mnadani.

Kwa hiyo ninapopanga pochi mimi huweka safu mbili: iliyokwishashikwa mkononi, na iliyo kwenye skrini. Ya pili naisoma nikiwa nimefungua ukurasa wa mfuko kando, nione una ETH kiasi gani. Ikiwa "faida" ya pochi moja inazidi ETH yote iliyomo mfukoni, safu hiyo ni hadithi.

Kuna na ada ya gesi, malipo ya kuendesha muamala kwenye mtandao. Wakati wa pilikapilika za memekoini Mei 2023, kubadilisha tokeni mara moja kwenye Ethereum kuliweza kugharimu makumi ya dola, na muamala ulioshindikana ulitozwa vilevile. Zana inayosoma rekodi za Swap peke yake haioni mishindikano hiyo, kwa kuwa iliyoshindikana haiachi Swap. Nimewahi kukuta pochi yenye faida ya dola 300 kwenye zana na hasara ya dola 90 ukijumlisha gesi. Na kwa wa kwetu, ongeza gharama zisizoonekana kwenye blokcheni kabisa: tofauti ya bei unaponunua USDT, tokeni inayofuata thamani ya dola, kwa mtu binafsi kwa M-Pesa, na kodi. Kenya ilianza kutoza asilimia 3 ya thamani ya mali za kidijitali Septemba 2023, ya thamani na si ya faida, kabla ya kuiondoa mwaka 2025. Tanzania nayo iliingiza kodi ya zuio ya asilimia 3 kupitia Sheria ya Fedha ya 2024. Anayenunua na kuuza mara ishirini kwa wiki, asilimia kama hiyo si jambo la kupuuza.

Walioko kileleni

Ukishapata orodha yako ya kwanza, kileleni utakuta vitu ambavyo si watu. Mfuko wenyewe wa Uniswap. Pochi za masoko makubwa, zinazohifadhi mali za maelfu ya wateja kwa pamoja. Anwani ya kuchomea, inayoishia "dead", ambako tokeni hutupwa zisirudi. Hizi ni rahisi kuzitoa. Etherscan huzibandika majina.

Kisha wanakuja waliopokea bila kununua. Mfano mkubwa ni SHIB, memekoini nyingine ya Ethereum. Waanzilishi wake walimtumia Vitalik Buterin, mmoja wa walioanzisha Ethereum, nusu ya tokeni zote, yaani trilioni 500, bila yeye kuomba. Kwa hesabu ya darasa la nne pochi yake ndiyo bingwa wa dunia: gharama sifuri, thamani mabilioni ya dola. Mei 2021 alitoa trilioni 50 kwa mfuko wa kusaidia India dhidi ya Uviko, na trilioni 410 akazichoma. Zana isiyo na akili ingemsoma mtu huyu kuwa mfanyabiashara hodari ajabu aliye"uza" karibu zote kwa siku chache.

Waanzilishi wenyewe ni kundi jingine la gharama sifuri. Ile asilimia 6.9 ya PEPE iliyowekwa akiba, tarehe 24 Agosti 2023 tokeni zipatazo trilioni 16 zilitoka humo kwenda kwenye masoko mbalimbali, thamani yake kama dola milioni 15. Aliyebaki kwenye timu alidai ni wenzake wa zamani walioziiba. Kwenye daftari lakini hakuna safu ya "imeibwa". Kuna Transfer tu, na pochi zilizopokea zinaonekana kama zimepata faida safi isiyo na gharama.

Roboti, yaani programu zinazonunua na kuuza zenyewe, wanahitaji maelezo kidogo, kwa sababu wanapendeza sana machoni pa mwindaji wa pochi: faida kila siku, karibu hawashindwi. Aprili 2023 roboti mmoja aliyejulikana kama jaredfromsubway.eth alikuwa akiwabana wanunuzi wa PEPE na memekoini nyingine kwa kasi ambayo kwa siku moja alilipa ada ya gesi inayokaribia dola milioni 1. Kazi yake iko hivi. Unaagiza kununua tokeni za dola 1,000, na agizo lako linasubiri hadharani kabla ya kuingizwa kwenye bloku, fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja kwenye daftari. Roboti analiona. Analipa zaidi ili awekwe mbele yako, ananunua, bei inapanda, wewe unanunua kwa bei mbaya, halafu nyuma yako hapo hapo anauza. Yote ndani ya bloku moja, na Ethereum hutoa bloku kila sekunde 12. Ni kama dalali wa Kariakoo aliyekusikia ukiulizia simu barabarani: akapita mlango wa nyuma wa duka, akainunua, akawa anakuuzia wewe kwa nyongeza kabla hujafika kaunta.

Faida ya roboti huyo ni halisi kabisa. Lakini huwezi kumfuata. Ukiona amenunua, ameshauza. Na ukinunua kwa sababu yake, chakula chake ni wewe.

Kitovu cha pochi

Kundi gumu kuliko yote ni watu wa ndani, maana wao hununua kweli, kwa pesa kweli, kisha wakauza kweli. Hesabu yao ni safi. Kilicho tofauti ni kwamba walijua saa.

Tarehe 14 Februari 2025 Rais Javier Milei wa Argentina alichapisha kwenye X ujumbe wa kuitaja tokeni ya Solana iitwayo LIBRA. Kwa muda mfupi thamani yake ikapita dola bilioni 4, na kabla ya usiku kuisha ikawa imeporomoka. Nansen, kampuni ya kuchambua blokcheni, walipopitia pochi zilizopata faida au hasara ya zaidi ya dola 1,000, walikuta asilimia 86 zimepata hasara, jumla dola milioni 251. Waliopata? Kati yao walikuwamo walionunua sekunde za mwanzo kabisa, kabla binadamu wa kawaida hajamaliza kuusoma ule ujumbe.

Mtu wa ndani unamtambua kwa mambo mawili. La kwanza ni muda: linganisha bloku aliyonunua na bloku iliyofunguliwa biashara. Mnunuzi wa bloku ile ile, au inayofuata, hakubahatisha. La pili nalipenda zaidi, mimi naliita kitovu. Pochi mpya ya Ethereum kwa kawaida haiwezi kufanya lolote bila ETH ya kulipia gesi, na ETH hiyo ya kwanza lazima mtu aitume. Kwa hiyo karibu kila pochi ina mama. Rudi nyuma hadi muamala wake wa kwanza uangalie ETH ilitoka wapi. Ukikuta pochi saba kati ya kumi zilizoongoza zimelishwa na anwani moja, jana yake, kwa kiasi kinachofanana, hizo si pochi saba. Ni mtu mmoja mwenye mifuko saba. Na anwani hiyo mama ikiwa pia ndiyo iliyomlisha aliyeunda mkataba, umemaliza kazi.

Mara nyingine kitovu kinaishia kwenye pochi ya soko kubwa, na hapo njia inafungwa, kwa kuwa soko hilo hutoa pesa za wateja wote kutoka pochi ile ile moja. Wajanja wanalijua hilo na ndiyo njia yao.

Mtu mmoja mwenye pochi nyingi anaharibu hesabu hata asipokuwa na nia mbaya. Pochi A inanunua kwa dola 1,000, inahamishia tokeni zote pochi B, na B inauza kwa dola 50,000. Kwenye orodha A ni mjinga aliyepoteza 1,000 na B ni gwiji aliyepata 50,000 bila kutumia hata senti. Baadhi ya zana humfuta B kwa sababu hakununua, na hapo faida ya kweli ya 49,000 inatoweka kabisa. Njia sahihi ni gharama kusafiri pamoja na tokeni, kama risiti iliyobanwa kwenye mzigo. Lakini ili ufanye hivyo lazima uamue kwanza kwamba A na B ni mtu mmoja, na uamuzi huo ni wako, daftari haliusemi.

Kinyume chake pia kipo. Mtu akituma PEPE zake Binance, biashara inayofuata inafanyika ndani ya vitabu vya Binance, si kwenye blokcheni. Unaona mzigo umeingia langoni tu. Wachambuzi wengi hudhani ameuza siku hiyo kwa bei ya siku hiyo. Ni dhana nzuri, lakini ni dhana, na baada ya tokeni kuorodheshwa kwenye masoko makubwa sehemu nono ya biashara huhamia huko ambako orodha yako haifiki. Kwa hiyo orodha ya waliopata faida kwenye PEPE ni sahihi zaidi kwa wiki tatu za mwanzo kuliko kwa miezi yote iliyofuata.

Solana nako kuna tofauti moja inayowakwaza waliozoea Ethereum: tokeni haikai moja kwa moja kwenye pochi bali kwenye akaunti ndogo iliyo chini ya pochi, moja kwa kila tokeni. Usipokusanya kwa mmiliki wa juu, utahesabu akaunti ukidhani ni watu. Kwenye tokeni ya TRUMP, iliyozinduliwa huko tarehe 17 Januari 2025, Chainalysis, kampuni nyingine ya kuchambua blokcheni, walikadiria kufikia Mei mwaka huo kwamba pochi zipatazo 764,000 zilikuwa na hasara, ilhali pochi 58 zilikuwa zimevuna zaidi ya dola milioni 10 kila moja, jumla yake kama dola bilioni 1.1. Mwezi huo huo wenye tokeni nyingi zaidi, 220 kwa idadi, walialikwa chakula cha jioni na Rais Trump mwenyewe. Magazeti mengine yaliwataja wale kama washindi. Orodha ya chakula cha jioni ilipangwa kwa wingi wa tokeni uliodumishwa kwa muda. Kuhusu faida haikusema kitu, na aliyenunua kwa bei ya kileleni ili apate kiti alikuwa amekaa mezani na hasara yake.

Anwani kumi za binamu

Jumamosi tulikaa kwenye simu ya video, yeye Mwanza mimi Dar, tukazifungua moja baada ya nyingine.

Ya kwanza, ile ya dola 410,000, ilikuwa mkataba, si pochi ya mtu. Etherscan inakuonyesha hivyo ukurasani, kuna kichupo chenye msimbo wake. Roboti wa kubana, miamala maelfu. Ya pili na ya tatu zilinunua kwenye bloku ya ufunguzi, na vitovu vyake vilikuwa anwani moja. Ya nne haikuwahi kununua. Ilipokea mizigo mitano kutoka pochi nyingine ikauza yote. Ya tano ilikuwa mama wa ya pili na ya tatu, binamu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ya sita na ya saba faida yao yote ilikuwa ya skrini, tokeni bado wanazo, na mfuko wa tokeni ile ulikuwa umebakiwa na ETH isiyotosha hata kumlipa mmoja wao.

Ya nane ilitusimamisha zaidi. Faida yake kwenye tokeni ile ilikuwa halisi, imeshikwa mkononi, gesi imelipwa. Tulipofungua biashara zake nyingine tukakuta tokeni 212 ndani ya miezi mitatu, nyingi zikiwa hasara, na jumla yake yote ilikuwa chini ya sifuri. Ukipanga pochi kwa tokeni moja, mtu aliyetupa ndoano 212 utamwona siku aliyovua samaki tu. Na wapo wanaofanya hivyo makusudi: wanafungua pochi arobaini, kila moja inanunua tokeni yake, ile itakayobahatika wanaitangaza kuwa ya dhahabu. Wafuasi na roboti zao za kunakili wanajipanga nyuma yake. Siku pochi hiyo inaponunua kitu kipya, wafuasi wananunua sekunde hiyo hiyo, bei inapanda, na mwenye pochi anawauzia wao.

Ndicho tulichokiona kwenye ya tisa. Kila iliponunua, ndani ya dakika moja zilifuata pochi ndogondogo nyingi, dola 20, dola 35, dola 50. Kila ilipouza, ilizikuta zimeshaingia. Sikumwambia binamu kitu. Alinyamaza mwenyewe, kisha akaniuliza kama zile za dola 35 ni watu kama yeye.

Ikabaki ya kumi, ya dola 19,000. Ilinunua siku ya tatu baada ya ufunguzi, na kitovu chake kilikuwa soko kubwa. Ilikaa bila kugusa kitu kwa siku tisa. Ikauza kwa vipande kumi na kimoja ndani ya wiki mbili, vipande vidogo, kila kimoja bei ilipopanda. Tukatoa gesi, tukatumia wastani wa bei ya kununulia, ikaja dola 17,600. Tukapitia tokeni zake nyingine: sita tu, nne faida, mbili hasara ndogo.

"Sasa huyu," binamu akasema, sauti imemrudia, "huyu nimfuate?"

Nikasogeza skrini hadi muamala wake wa mwisho. Ulikuwa wa miezi minane nyuma. ETH yote ilipelekwa kwenye soko, na pochi ikabaki na salio lisilofika senti kumi za dola.